Kutoka Nateete hadi Ndeeba: Njia ya Seremala Katika Vilima vya Kampala

Askari anayehamishiwa Kampala kwa mara ya kwanza huonyeshwa vilima vya mji huo na wenyeji wake, na kila kilima huambatanishwa na jengo lake: Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki, Kibuli na msikiti wake mweupe. Hayo ni maonyesho mazuri, na familia yenye siku moja ya mapumziko haitajuta kuyatazama. Lakini leo napenda kumwongoza msomaji kwa njia nyingine, isiyotangazwa kwa watalii, nayo ni njia ya randa na msumeno. Atakayeifuata atakutana pia na kiboko, maana katika shule za zamani vitu hivyo viliishi chini ya paa moja.

Tuanzie Nateete, kilomita chache kutoka katikati ya mji kwa barabara iendayo Masaka. Leo ni mahali pa teksi, mabucha na wauza ndizi, na mgeni hawezi kudhani kwamba hapa palikuwa na karakana iliyoshangaza ufalme mzima. Mwezi Novemba 1878 alifika katika Buganda Mskochi mmoja aitwaye Alexander Mackay, mhandisi aliyetumwa na wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Alikuja na vyombo vya chuma, akafua, akachonga, akapiga chapa, na vijana wakamzunguka kutwa kutazama mikono yake. Mazungumzo yake ya kwanza na Kabaka Mutesa yalipitia katika Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuifikisha barazani, na jina alilopewa lilikuwa la Kiswahili pia: Mzungu wa Kazi.

Isidhaniwe kwamba Waganda walikuwa wageni wa mbao. Wajenzi wa visiwa vya Ssese walikuwa wakiunda mitumbwi mikubwa kwa mbao zilizoshonwa pamoja, bila msumari hata mmoja, na maseremala wa barazani walichonga ngoma na viti vya heshima. Jambo jipya lilikuwa benchi, jiriwa na kipimo. Alipofariki mama yake Kabaka, Namasole Muganzirwazza, mwaka 1882, ni Mackay aliyeombwa kusimamia uundaji wa majeneza yake, la mbao na la shaba, moja ndani ya jingine, makubwa kupita kiasi. Nimekuwa nikiwaza mara nyingi kwamba huenda hilo ndilo lililokuwa somo kubwa la kwanza la useremala wa kigeni katika nchi hiyo, na wanafunzi wake walikuwa mafundi wazima wa mfalme.

Kutoka Nateete tupande Makerere. Watu husimama mbele ya jengo kuu la chuo kikuu wakapiga picha, wakataja mawaziri, majaji na waandishi waliosoma hapo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Makerere ilianza kama shule ya ufundi. Mwezi Januari 1922 ilifunguliwa ikiwa na vijana 14, nao walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Udaktari, ualimu na mengineyo yalifuata baadaye kidogo, na kadiri vitabu vilivyozidi ndivyo benchi la seremala lilivyosogezwa kando, hata mwaka 1928 mafunzo ya ufundi yakawa shule yake peke yake hapo hapo kilimani. Makerere ikapanda daraja hadi kuwa chuo kikuu chenye kujitegemea mwaka 1970. Shule ya ufundi ilikwisha kuondoka zamani: mwaka 1958 ilihamia Kyambogo, upande wa pili wa mji, kwa jina la Kampala Technical Institute.

Katika utengano huo wa vilima viwili ndimo ilimozaliwa fikra iliyotuharibia mambo mengi, yaani kwamba kijana mwenye akili huenda kwenye kalamu, na aliyebaki huenda kwenye randa. Tume ya Elimu ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Profesa Castle, ilizidi kuupa uzito upande wa kalamu, na si ajabu, kwa kuwa nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla ilihitaji makarani na maofisa upesi.

Mimi nilisoma mwishoni mwa miaka ya 1960 katika shule moja ya mji huo, juu ya kilima ambacho sitakitaja. Karakana yetu ilikuwa banda refu lenye madirisha upande wa mashariki. Ukutani palikuwa na ubao mpana, na kila chombo kilichorwa umbo lake hapo kwa rangi nyeusi: msumeno, patasi, kekee, nyundo, guni. Saa ya kutoka ilipofika, kila kitu kilirudi juu ya kivuli chake. Kivuli kimoja kikionekana kitupu, hakuna aliyetoka. Askari asomaye habari hii ataitambua mara moja desturi hiyo, kwa kuwa ndivyo ghala la silaha linavyotunzwa, na kwa sababu ile ile.

Kazi ya kwanza ilikuwa kipande cha mti wa musizi, mlaini na mweupe, chenye urefu wa mkono. Tuliambiwa tukipige randa hadi nyuso zake zote nne ziwe sawa. Mwalimu alikichukua kipande, akakiegemeza guni, yaani kile kipimo cha pembe mraba, akakiinua mbele ya dirisha. Kama mwanga ulipenya kati ya chuma na mti, alikirudisha bila neno. Rafiki yangu mmoja alirudishiwa chake mara tisa, hata kikabaki chembamba kama rula, naye hakukasirika, kwa sababu mwanga alikuwa ameuona kwa macho yake mwenyewe. Hapakuwa na cha kubishana.

Ng'ambo ya uwanja, katika madarasa ya kawaida, mambo yalikuwa mengine. Huko alitawala kiboko. Msomaji ajuaye Kiswahili ataona jambo la kuchekesha hapa: Waganda humwita yule mnyama wa majini envubu, lakini fimbo ya shuleni wanaiita kiboko, kwa hiyo mtoto wa Kampala hulijua jina hilo kwa ngozi yake kabla hajaambiwa kwamba ni la mnyama. Tulichapwa kwa kuchelewa, kwa kusahau kujumlisha, kwa kucheka. Aliyesikika akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe akisema vivyo hivyo. Kibao hicho kilikatwa katika karakana yetu, kutoka masalio ya musizi, nasi ndio tuliokipiga msasa.

Sitaki kumfanya mwalimu wa useremala kuwa malaika. Naye alipiga, mara moja katika mwaka ninaoukumbuka: kijana alikimbia na patasi mkononi, makali mbele, akapata viboko viwili vya rula vidoleni. Kisha mwalimu akampa kazi ya kunoa patasi zote za karakana kwa juma zima. Tulipokutana tukiwa watu wazima, mwenzetu huyo alikwisha kuisahau rula. Alichokumbuka ni jiwe la kunolea, mafuta yake, na namna alivyojaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono.

Miaka ya 1970 ikaja na dhiki yake. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao mikononi mwao ilikuwa sehemu kubwa ya biashara ya mji, na vifaa vya kiwandani vikawa adimu. Tena vita vya 1978 na 1979 vikafuata. Patasi ikivunjika, haikupatikana nyingine. Jiriwa zikaibwa, karakana zikageuzwa mabweni au stoo. Fimbo, kwa bahati mbaya, haihitaji fedha za kigeni. Hukatwa kichakani nyuma ya jiko. Hivyo basi shule nyingi zikatoka katika miaka hiyo zikiwa zimepoteza guni na kubakiwa na kiboko, na hasara hiyo haijalipwa hata leo.

Sheria nayo imesema. Wizara ya Elimu ya Uganda ilitoa waraka wa kukataza adhabu ya viboko mashuleni mwaka 2006, na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ikaifanya kuwa kosa la jinai, ambalo mwalimu aweza kufungwa kwalo hadi miaka mitatu. Hata hivyo fimbo bado yaonekana. Najua pia kwamba katika kambi zetu wapo wazazi wanaomwambia mwalimu waziwazi, "Huyu mchape tu, ni wako," wakidhani kwamba shule isiyochapa haina nidhamu. Kwao nasema kwamba nidhamu ngumu kuliko zote niliyopata kuiona utotoni ilikuwa ya lile banda la madirisha ya mashariki, ambako mtu alirudia kazi moja mara tisa na hakulia. Nidhamu ya kiboko tuliijua hila yake: kuvaa kaptura mbili, na kuandika jibu la jirani.

Sasa twende Kyambogo, mashariki ya mji, kando ya barabara ya Jinja. Chuo kile cha ufundi kiliunganishwa mwaka 2003 na vyuo vingine viwili vya jirani, cha ualimu na cha elimu ya walemavu, kikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Katika kilima hicho hicho ndimo hutungwa mitaala ya nchi, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umeyachanganya useremala, uhunzi na uchoraji wa kiufundi katika somo moja la teknolojia na usanifu. Wasichana nao hulisoma, wakati enzi zetu walipelekwa kwenye upishi na cherehani bila kuulizwa. Ni hatua njema. Lakini somo bila benchi ni hadithi tu, na mzazi anayempeleka mtoto shule afanye kama nifanyavyo mimi: kabla ya kuuliza matokeo ya mtihani, aombe kuonyeshwa karakana.

Tumalizie Ndeeba, tukirudi magharibi, kabla ya kufika Nateete tulikoanza. Hapa ndipo soko la mbao la Kampala. Mvule wa zamani umekuwa wa nadra. Siku hizi nyingi ni msonobari na mkaratusi, pamoja na miti migumu itokayo Kongo. Misumeno hulia tangu asubuhi, unga wa mbao huelea barabarani, na vijana ambao hawakuwahi kuingia karakana ya shule hujifunza kwa kumtazama fundi, kama walivyofanya wale wa Nateete zamani.

Kwa familia yenye mtoto wa miaka kumi au zaidi likizoni, Ndeeba ni safari yenye faida. Anunuliwe msumeno mdogo, guni, na kipande cha msonobari cha urefu wa mkono, kisha akae karibu na dirisha. Vipande vifupi huuzwa kwa bei ndogo, lakini msomaji awahi asubuhi, maana ifikapo saa nne akina mama wapika chapati huwa wamekwisha kuvizoa vyote kwa kuni.