Kubisha Hodi kwa Mwenye Hazina

Taifa linapojiuliza utamaduni wake uko wapi, jibu la kwanza huwa ni vitabu, majumba ya makumbusho na ngoma za siku za sikukuu. Jibu hilo si la uongo, lakini halijakamilika. Sehemu kubwa ya utamaduni imo vifuani mwa watu: katika nyimbo wanazoimba wakifanya kazi, katika hadithi walizozirithi, na katika mambo wanayoyapenda kiasi cha kuyabeba maisha yao yote. Hazina hiyo haitoki mpaka mwenyewe aulizwe. Na haimtokei kila aulizaye. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi Waskoti walivyoulizwa juu ya maisha yao na mambo waliyoyapenda, ili tuone ni akina nani waliokuwa na hazina, na ni hodi ya namna gani iliyowafungulia watu mlango.

Huenda msomaji akauliza, Waskoti watuhusu nini sisi? Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Mwaka 1951, yeye akiwa bado mwanafunzi huko, chuo hicho kilianzisha idara ya kuchunguza utamaduni wa Waskoti wenyewe, yaani lugha zao, nyimbo, hadithi, mila na majina ya mahali pao. Miaka kumi na mmoja baadaye, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hatusemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Twasema tu kwamba swali lilikuwa la namna moja: watu waliofunzwa shuleni kuyaonea haya ya kwao watayarudiaje?

Uskoti ni nchi ya kaskazini ya kisiwa cha Britania, iliyounganishwa na Uingereza mwaka 1707. Milimani na katika visiwa vya magharibi watu walisema Kigaeli. Katika nchi tambarare na kaskazini-mashariki walisema Kiskoti. Kiingereza kilikuwa lugha ya ofisi na ya darasa. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 ililazimisha kila mtoto kwenda shule, lakini haikukipa Kigaeli nafasi yoyote. Mtoto aliondoka nyumbani na lugha ya bibi yake, akaikuta shule ikiishi kana kwamba lugha hiyo haipo. Katika sensa ya mwaka 2022 ni watu wapatao 70,000 tu waliosema kwamba wanazungumza Kigaeli, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni tano. Msomaji aliyekulia karibu na babu asiyeweza kuandikiwa barua na wajukuu wake kwa lugha yake mwenyewe hahitaji kufafanuliwa maana ya hesabu hiyo.

Kazi ya kuwauliza watu haikuanza mwaka 1951. Kati ya 1860 na 1862 John Francis Campbell, mtu wa kisiwa cha Islay, alichapisha hadithi nyingi za Kigaeli, na jambo la kumsifu ni kwamba alitaja msimulizi alikuwa nani na aliishi wapi. Wapo wengine waliokusanya kwa bidii lakini wakayapiga msasa maneno ya wazee ili yapendeze masikioni mwa wasomi wa mjini. Hapo ndipo hatari ya kwanza ya kazi hii ilipo. Mwulizaji aweza kumpenda msimulizi, na bado akamnyang'anya sauti yake kwa kumsemea vizuri zaidi kuliko alivyosema mwenyewe.

Mtu wa kwanza kuajiriwa na idara ile mpya kwa kazi ya kukusanya alikuwa Calum Maclean, aliyezaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Raasay, ndugu wa mshairi Sorley MacLean. Kabla ya hapo alikuwa ameitumikia tume ya fasihi simulizi ya Ayalandi, akizunguka visiwani na mashine iliyochonga sauti juu ya mitungi ya nta. Mitungi ilikuwa michache na ghali. Kwa hiyo maneno yalipokwisha kuandikwa kwenye daftari, nta ilikwanguliwa ili itumike tena. Maneno yalibaki, sauti ikapotea. Zilipokuja mashine za utepe, mzee aliweza kubaki mzima: pumzi yake, kikohozi chake, na kicheko chake.

Maclean alikuwa Mgaeli miongoni mwa Wagaeli. Hakufika na orodha ya maswali ya kujazwa. Aliketi karibu na moto, akazungumza habari za hali ya hewa na za jamaa, akangoja. Angus MacMillan wa kisiwa cha Benbecula alimsimulia hadithi moja iliyochukua yapata muda wa saa tisa. Na tufikiri kidogo: ni nani kati yetu aliyewahi kumsikiliza mtu mmoja kwa saa tisa? Uvumilivu huo ndio uliokuwa chombo chake kikubwa kuliko mashine. Mwaka 1957 alikatwa mkono kwa sababu ya saratani, akaendelea na kazi. Mwaka 1960 alifia kisiwani South Uist, miongoni mwa watu aliokuwa akiwasikiliza.

Mwenzake, Hamish Henderson, aliyeishi tangu 1919 hadi 2002, alielekea upande mwingine. Mwaka 1953 alikwenda katika mji wa Aberdeen kutafuta waimbaji wa tenzi za kale za Kiskoti, ambazo wasomi wengi walidhani zimekwisha kufa na kuzikwa vitabuni. Aliwauliza watu wa sokoni, nao wakamwelekeza kwa mama mmoja, Jeannie Robertson. Inasimuliwa kwamba mama huyo alikuwa amechoka siku hiyo, akataka mgeni aende zake arudi baadaye. Henderson, badala ya kuonyesha vyeti vya chuo, alianza kuimba pale pale mlangoni utenzi wa vita vya kale. Mama akasikia kwamba mgeni hauimbi kama alivyoujua yeye. Hakuweza kuvumilia, akamkaribisha ndani amwonyeshe unavyoimbwa. Tangu hapo nyimbo hazikukoma.

Kisa hiki kina fundisho. Mwulizaji hakufika kama mwenye elimu anayemtembelea asiye nayo. Alifika kama mwanafunzi mwenye kipande cha wimbo mkononi, akakubali kusahihishwa. Na aliyemsahihisha alikuwa nani? Jeannie Robertson, aliyezaliwa mwaka 1908, alikuwa wa jamii ya Wasafiri, watu wa kuhamahama waliokuwa wakiishi kwa kufua bati, kuchuuza vitu nyumba kwa nyumba, kuuza farasi, kutafuta lulu mitoni na kuvuna mazao ya wakulima. Nyimbo alizijifunza kwa mama yake mzazi. Majirani wengi waliwaita watu wa jamii hiyo kwa majina ya matusi. Hata hivyo, mwaka 1968 mwanamke huyo alipewa nishani ya heshima ya dola kwa ajili ya uimbaji wake. Wahenga hawakukosea waliposema, mdharau biu hubiuka yeye.

Katika miaka ya 1950 Henderson alipiga hema pamoja na Wasafiri karibu na Blairgowrie, ambako jamaa nyingi zilikuwa zikikusanyika wakati wa kiangazi kuvuna matunda madogo mekundu yaitwayo rasiberi. Mchana watu walivuna. Jioni mioto iliwashwa, zumari zikalia, nyimbo zikapokezanwa na hadithi zikaanza. Henderson aliifananisha kazi ya kuwarekodi na kukinga mkebe chini ya maporomoko ya Niagara. Hapo alikuwapo Belle Stewart, aliyezaliwa mwaka 1906 ndani ya hema kando ya mto Tay, mwimbaji na mtunzi, ambaye wimbo wake juu ya mashamba hayo ya matunda ulienea nchi nzima. Binti yake, Sheila, aliimba mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Glasgow mwaka 1982.

Lakini tusizibwe masikio na utamu wa nyimbo hizo. Katika miaka ile ile ambayo sauti za Wasafiri zilikuwa zikihifadhiwa kwenye tepu, jamaa nyingi za Wasafiri zilikuwa zikilazimishwa kuacha kuhama na kuwekwa katika vibanda vibovu, na watoto wengine walitengwa na wazazi wao, ili watu hao wapotee ndani ya jamii kubwa. Mambo hayo yalifanyika tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980. Mwezi Juni 2025 tu ndipo Waziri Kiongozi wa Uskoti, John Swinney, alipowaomba radhi rasmi. Kwa hiyo taifa lilikuwa na mikono miwili: mmoja ukipokea wimbo, mwingine ukibomoa hema la mwimbaji. Kwa maoni yetu, hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Utamaduni hauwezi kupendwa huku mwenyewe akichukiwa. Anayetaka ngoma na hataki mpiga ngoma, huyo ni mkusanyaji wa nyara.

Sasa tuangalie swali lenyewe. Mtu akiulizwa, "Mila za kabila lako ni zipi?" hujiona yu mahakamani, naye hujibu lile analodhani mwulizaji anataka kulisikia. Akiulizwa, "Wewe wapenda nini, na nani alikufundisha kukipenda?" mlango hufunguka. Mpiga zumari wa Uskoti ukimwuliza mwaka aliozaliwa atakupa tarakimu. Mwulize alivyojifunza zumari, naye atakwambia juu ya mwalimu aliyemwimbia tuni kwa silabi kabla hajamruhusu kugusa chombo. Kutoka kwa mwalimu atafika kwa baba, kutoka kwa baba atafika jeshini na vitani, na kutoka vitani atarudi kwenye shamba lililobaki bila mtu. Hukumwuliza habari za historia, na historia yote imekuja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Duncan Williamson, Msafiri aliyezaliwa hemani mwaka 1928 kando ya Loch Fyne na kufariki mwaka 2007. Alipenda hadithi kuliko mali, akazikusanya kila alikopita. Kila hadithi aliifungamanisha na mtu aliyempa, hata kuisimulia ikawa ni kumkumbuka huyo aliyemtangulia. Na katika kueleza alikozipata alieleza maisha yake na ya watu wake.

Sisi wenyewe tumezisikiliza baadhi ya sauti hizo, kwa kuwa tangu 2010 rekodi makumi ya maelfu zimewekwa kwenye intaneti, wazi kwa kila mtu. Kwa Kigaeli hazina hiyo imeitwa Tobar an Dualchais, yaani kisima cha urithi. Kwa Kiskoti imeitwa kasha la utajiri. Kigaeli hatukijui hata neno. Lakini tulimtambua mara moja mzee anayevuta pumzi kabla ya kufika mahali pa hatari katika hadithi, na wasikilizaji wanaoguna kumtia moyo. Tungefumba macho tungedhani tuko barazani kwetu. Tulifurahi, kisha tukaingiwa na huzuni, tukiwakumbuka wazee wangapi tuliowazika bila mtu kuwauliza walipenda nini.

Lipo pia la shukrani kwao. Kinachochukuliwa kwa mzee ni amana. Idara ile ilianza mwaka 1971 kuchapisha jarida liitwalo Tocher, jina lenye maana ya mali anayopewa bibi arusi kwenda nayo kwa mumewe, likiwa na maneno ya wasimulizi kama walivyoyasema. Jina hilo limechaguliwa kwa hekima: urithi hautolewi ufungiwe, hutolewa ukaanzishe nyumba mpya. Leo mjukuu aweza kuisikia sauti ya bibi yake aliyekufa kabla hajazaliwa, na mwimbaji kijana aweza kujifunza wimbo kwa mwenye wimbo mwenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi, basi, tunayo maneno machache. Mwanafunzi anayetumwa kumwuliza mzee na aende kwa adabu, aeleze kisa cha kuja kwake, aombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na akubali kunyimwa. Asiende kwa mwenyekiti na kwa mzee mwenye sifa peke yao. Amwendee pia mama muuza samaki, fundi viatu, mpagazi, mganga wa mifugo, na yule ambaye kijiji kizima chamwona hana la kusema. Aanze na apendacho mtu. Asimkatize. Aandike maneno kama yalivyotamkwa, hata yakiwa na lafudhi isiyokubaliwa darasani. Aandike jina la msimulizi akiruhusiwa, na akimaliza amrudishie nakala, amsomee au amsikizishe, mwenyewe arekebishe palipopotoka.

Mwisho, na ajiulize hali ya mwenye nyumba. Je, ana shamba bado? Ana heshima kijijini? Watoto wake wamo shuleni, nao wanaitwa kwa majina yao? Tukiyauliza hayo pamoja na nyimbo, kazi yetu itastahili kuitwa kazi ya utamaduni wa taifa. Tukiyaacha, tutakuwa na makasha yaliyojaa sauti za watu ambao hatukuwatendea haki walipokuwa hai.