Minyororo Minne ya Beta

Kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, mkazi wa Jericho na baadaye Buruburu katika Eastlands ya Nairobi, ilianzia kwenye darubini ya maabara ya hospitali na kuishia kwenye kufundisha maumbo ya protini, ingawa kote huko alishughulika na kitu kimoja, yaani himoglobini S, inayosababisha ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo haukuwa mgeni mitaani, kwa kuwa mitaa ya Kaloleni na Makongeni ilikuwa na familia nyingi zenye asili ya magharibi mwa Kenya, ambako malaria imekaa vizazi na vizazi. Na mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni ya himoglobini S kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria.

Maabarani tone la damu lilichanganywa na sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayoondoa oksijeni, likafunikwa kwa kioo chembamba na kusubiriwa, mpaka seli zilizokuwa za mviringo zikapinda na kuchongoka ncha. Kipimo hicho kilithibitisha kuwa himoglobini S ipo, lakini hakikumtenga mgonjwa na mbebaji, yaani aliyerithi jeni kwa mzazi mmoja tu, wala hakikueleza kwa nini molekuli zake hung'ang'aniana na kuwa nyuzi zinazopinda seli.

Maelezo hayo mwandishi aliyapata kwenye fuwele, yaani molekuli zilizojipanga kwa utaratibu unaojirudia, ambazo hupigwa eksirei ili mahali pa atomu pakokotolewe. Himoglobini ina minyororo minne, alfa miwili na beta miwili, na mtafiti Vernon Ingram alikuwa ameonyesha mwaka 1957 kwamba katika himoglobini ya selimundu asidi ya amino moja, glutamati, imebadilishwa na valini, nayo ni ya 6 katika beta. Umbo la fuwele lililochapishwa na watafiti Harrington, Adachi na Royer mwaka 1997, kwa uwazi wa angstromu 2.05 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), lina molekuli mbili kamili katika kipande chake cha msingi, hivyo beta nne zenye mfuatano uleule zinaweza kulinganishwa.

Beta hizo hazifanani kikamilifu. Katika kila molekuli valini ya 6 ya beta moja hujichomeka katika kishimo cha molekuli jirani, penye fenilalanini ya 85 na leusini ya 88, ilhali valini ya beta ya pili haishiriki mshikamano huo wa ubavuni. Ni kama nyumba za Buruburu zilizojengwa kwa ramani moja, ambapo iliyopakana na barabara imeongezewa duka na ya ndani haikuongezewa. Kwa sababu hiyo mwandishi hakuwahi kukubaliana na desturi ya kulazimisha nakala zote za mnyororo zifanane wakati wa kukokotoa umbo, isipokuwa pale data zilipokuwa hafifu, kwani hapo tofauti ndogo huweza kuwa kosa la kipimo tu. Penye data nzuri, wastani wa nakala hizo hufuta mgusano uleule unaojenga nyuzi za selimundu.

Faili ya umbo hilo la mwaka 1997, 2HBS, hupatikana bila malipo katika Benki ya Data za Protini, iliyoanzishwa mwaka 1971. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na aifungue, aipandanishe minyororo ya beta, yaani B, D, F na H, kisha aipime mwenyewe.