Waya Utapita Wapi?

"Mwalimu, umeganda tena."

Mwanafunzi wangu yuko Hamburg. Mimi niko Bondeni, chumba cha nyuma, kwenye nyumba aliyotuachia babu. Namfundisha Kiswahili kila Jumanne na Alhamisi usiku. Jumanne ile nilikuwa namweleza tofauti ya "alikuja" na "amekuja", nikaganda hapo hapo, mdomo wazi. Niliporudi hewani nilikuta ujumbe wa adabu kabisa: labda tupumzike mpaka mtandao wangu utengemae. Niliusoma kama talaka. Ada yake ndiyo inayolipa stima ya nyumba nzima.

Asubuhi yake nikachukua simu nikaanza kupima kasi, chumba hadi chumba. Tunalipia megabiti 10 kwa sekunde. Sebuleni, kando ya ruta, nikapata 9.4. Chumbani kwangu, 0.7. Toka ruta hadi kitanda changu ni hatua 16.

Fikiria hiyo hesabu. Intaneti inafika Mombasa kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari. TEAMS ilitua hapa mwaka 2009, imetoka Fujairah, zaidi ya kilomita 4,000. SEACOM nayo ilifika mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Kisiwa hiki hiki ndicho mlango wa intaneti ya Kenya. Yaani inavuka bahari salama, inafika mpaka sebuleni kwetu, halafu inapotelea ndani ya nyumba.

Mwizi nilimjua: ukuta. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Nilipima kwa rula mlangoni, sentimita 48. Kuna kuta tatu kama huo kati yangu na ruta. Na mawimbi ya waifai yana tabia zake. Yale ya gigahezi 5 yana mbio lakini hayapendi ukuta. Ya 2.4 yanapenya zaidi, ila yanabanana na ya majirani wote, na huku kwetu dirisha la jirani unaweza kuligusa kwa mkono.

Nikaanza kutafuta dawa. Muuzaji mmoja mjini akaninadia ruta mpya ya Waifai 6 pamoja na kifaa cha pili cha kusambazia, shilingi 14,000. Nikamuuliza, hicho cha pili kitampataje mwenzake? Akasema, kwa hewa. Kupitia ukuta gani? Akacheka. Kumbe ningelipa elfu kumi na nne ili ukuta ule ule uwe na vifaa viwili vya kuvitesa badala ya kimoja.

Fundi wa mtaani akanipa jibu fupi: "Bro, piga waya." Kebo ya kawaida ya mtandao inafika mita 100 bila kulia. Mimi nilihitaji 25. Waya haujali matumbawe wala jirani. Kebo, paipu na ufundi wake, 4,200. Akatoa drili kwenye begi.

Nyanya akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hiyo ya nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ukuta huu hautobolewi. Nyumba ni ya warithi saba. Leo ukitoboa weye, kesho Ami yako atasema mumeanza kugawana kwa drili."

Ungedhani anatania, lakini mimi najua. Miaka michache nyuma binamu yangu aliweka mlango wa chuma kwenye chumba anacholala, kwa usalama tu. Idd mbili zikapita watu hawasalimiani. Kwenye nyumba ya mirathi isiyogawanywa, msumari ni hoja, na tundu ni kesi. Fundi akarudisha drili begini, akanywa chai yake, akaondoka.

Nikabaki na simu yangu, naendelea kupima. Nilikuwa sijapima chumba cha Nyanya. Kiko ubavuni mwa changu. Zamani vilikuwa chumba kimoja, sasa vimetenganishwa na plaiwudi. Nikaketi kitandani kwake: 0.4. Nikamuuliza, kama mzaha, "Nyanya, ukiongea na Ami unakaa wapi?"

"Hapa hapa. Naanzia sebuleni, tunasalimiana na kila mtu. Tukifika kwenye mambo ya nyumba naja huku, nafunga mlango. Hayo si ya kusemwa mbele ya watu."

"Halafu?"

Akanyamaza. Akakunja leso iliyokuwa tayari imekunjwa.

"Halafu ananikatia. Kila nikitaja nyumba, ananikatia simu. Mimi, mamake mzazi."

Ami yuko Birmingham tangu kabla sijazaliwa. Mwaka mzima Nyanya ameamini mwanawe hataki kumsikiliza. Jioni ile nikampigia Ami nikiwa sebuleni, nikamuuliza polepole. Akapumua. "Mama akikasirika siku hizi anakata. Nikisema neno moja juu ya nyumba, picha inasimama, kisha kimya. Nimeshazoea."

Sikujua nicheke au nilie. Hakuna aliyemkatia mwenzake. Nyanya alikuwa anatembea hatua 16 na simu mkononi, anapita kuta tatu, na ukuta ndio uliokuwa unakata.

Basi suala likawa limebadilika. Halikuwa tena la mwanafunzi wangu. Lakini waya utapita wapi bila kutoboa?

Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Katikati ya nyumba tuna kiwanda, ule uwanja mdogo wa ndani usio na paa, ambapo Nyanya huanika nguo. Na juu ya kila mlango waliojenga waliacha tundu la hewa. Nikamwonyesha Nyanya. Akalitazama muda mrefu. "Hilo alilikuta babu yako," akasema. "Hilo halina mdai."

Fundi akarudi bila drili. Kebo ikatoka sebuleni kupitia tundu la kwanza, ikazunguka kiwanda ndani ya paipu nyeupe ili jua lisiibabue, ikaingia kwa tundu la mwisho. Huku nyuma tukafunga ruta kuukuu ya binamu yangu, yule wa mlango wa chuma. Tukazima kazi yake ya kugawa anwani, tukachomeka kebo kwenye tundu lake la kawaida badala ya lile la kuingizia intaneti, ikawa kituo cha pili cha waifai. Mimi laptopu yangu iko kwenye waya, Nyanya simu yake iko kwenye waifai ya chumbani. Nilikuwa nimejiuliza wiki nzima ni waya au waifai. Waya ulivuka kuta, waifai ikamaliza chumbani. Kasi kitandani kwa Nyanya: 9.1.

Sisemi waya hauna ila. Mwaka 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu. Waya nao hukatika. Ila ukikatika, unajua umekatika. Humdhanii mtu.

Ijumaa ile baada ya Isha Nyanya alisalimiana sebuleni, kisha akaja chumbani, akafunga mlango. Mimi niko upande wa pili wa plaiwudi, najifanya natayarisha somo la Hamburg. Mwanafunzi amekubali kurudi kwa majaribio. Sauti ya Nyanya ikapanda. Ya Ami nayo ikapanda. Waligombana dakika 40, kila mtu akamaliza sentensi zake.

Nyumba bado haijagawanywa. Lakini mwisho nilimsikia Nyanya akisema, "Haya, kesho nipigie tena." Na simu akaikata mwenyewe.