Gari lililokuwa likilia alfajiri

Kila alfajiri gari la familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, liliwaamsha majirani kabla ya jogoo. Likiwashwa linalia "kwiii", likipata moto linanyamaza. Baba wa nyumba alikuwa na dawa yake: kipande cha sabuni ya mche anachopaka kwenye mkanda wa feni. Kelele zinakatika siku mbili tatu, kisha zinarudi. Wazazi wengi wanaijua hesabu hiyo, ada kwanza, gari baadaye.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Jioni moja, akikunja nguo, aliuliza, "Baba, hilo ndilo gari litakalonipeleka hospitali usiku?"

Kesho yake mume alikuwa gereji. Fundi, mzee asiye na maneno mengi, alizima injini na kuchomoa funguo kabla ya kugusa chochote. Mkanda unaozunguka hauna huruma na vidole, wala na ushungi wa mtoto anayechungulia kwenye boneti. Akaubonyeza kwa dole gumba, ukalegea mno. Akaugeuza upande wa ndani: unang'aa kama kioo, na una nyufa.

"Umempa mgonjwa wa malaria panado," alisema.

Sabuni ilificha kelele tu, mkanda ukaendelea kuteleza. Katika gari lile ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri, na pampu ya maji inayopoza injini. Ukikatika njiani, taa ya betri inawaka, injini inachemka, na safari inaishia hapo. Hapo ndipo wengine hukimbilia kufungua mfuniko wa rejeta ungali wa moto, wakaungua uso na mikono.

Fundi alikagua puli na kutazama kama kuna oili inayovuja, kwa sababu mkanda mpya juu ya oili ni hasara. Akafunga mpya, akaukaza kiasi. Ukikazwa kupita kiasi, unaua beringi. Akamwambia arudi baada ya siku chache auangalie tena, kwani mkanda mpya hulegea. Malipo yote hayakufika tuisheni ya mwezi ya mtoto mkubwa.

Wiki tatu baadaye, saa nane usiku, uchungu ulianza. Gari liliwaka kimya.

Asubuhi jirani alikuja kulalamika: wameondokaje bila yeye kusikia?