Kamera Ilisema Kabla Yangu

Kazi yangu ni picha: za pasipoti, za mahafali, za harusi. Studio yangu iko Morogoro, na kwa miaka mingi kila mteja aliyekaa mbele ya kamera nilimwambia, "Tabasamu kidogo." Mwenye uso mzito nilimwona mkaidi tu. Nikisikia fulani anaumwa sonona, nilisema kimoyomoyo kwamba huyo kakosa kazi ya kufanya, au imani yake ndogo.

Kisha ikanifika mimi. Haikuja na kilio. Usingizi ulikatika saa tisa usiku, chakula kikakosa ladha, simu za wateja nikaziacha ziite mpaka zikate. Kanisani niliimba kama kawaida, na nikiulizwa hali nilijibu, "Salama." Mke wangu alidhani nina madeni. Nami sikujua nimweleze nini, maana hakuna kiungo kilichokuwa kinaniuma.

Kipindi hicho nilikutana na picha za Tsoku Maela, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyejipiga mwenyewe kuonyesha sonona aliyoipitia. Sikuwahi kufikiri kwamba hali ile inaweza kupigwa picha. Jioni moja nikafunga studio, nikaiweka kamera kwenye stendi, nikazima taa na kubakiza mwanga wa dirishani. Nikaiacha shata wazi sekunde 2, nami nikawa nageuza kichwa taratibu. Picha ilipotokea kwenye kioo, shati lilikuwa limetulia, vifungo vyote vinahesabika. Uso haukuwepo. Juu ya kola palikuwa na ukungu mtupu.

Nilimpelekea mke wangu. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Mume wangu, hivi ndivyo unavyojisikia?" Nikashindwa kujibu, nikalia. Hakunidai maelezo ya miezi yote niliyomnunia. Kesho yake alinisindikiza hospitali, na daktari naye nilimpa picha kwanza. Maswali yake ndiyo yaliyonifungua mdomo. Nikaanzishiwa dawa na vikao vya ushauri nasaha. Mwanzoni sikuona nafuu, nikataka kuacha. Mke wangu akawa ananiwekea kidonge mezani kila asubuhi, na glasi ya maji pembeni, bila kusema neno. Mimi niliyewadharau wagonjwa nilihudumiwa bila kudharauliwa. Sikustahili, na ninamshukuru Mungu.

Nafuu ilikuja polepole, na zipo siku ambazo bado ni nzito. Kazini, mteja asiyetabasamu sasa namwacha alivyo. Wengine, picha ikishapigwa, hawainuki upesi. Hubaki kitini wakaanza kuzungumza, nami nawasikiliza.

Ndugu yangu unayesoma, huzuni ikikukalia wiki 2 au zaidi, hamu ya mambo uliyoyapenda ikapotea, usingoje mpaka upate maneno ya kuieleza. Kama una picha, onyesha picha. Kama huna, sema tu, "Siko sawa," kisha uende hospitali. Sonona ni ugonjwa, na tiba yake ipo.