Vidonge Vilivyosalia

Nataka kuwaungamia kosa langu, ili mzazi mwingine asilirudie.

Binti yetu ana miaka minne. Siku moja alishikwa na homa, akawa analia kila alipokwenda haja ndogo. Mke wangu akasema, "Baba watoto, twende kwa mganga." Nikamjibu, "Ya nini kupoteza fedha? Vidonge vya kaka yake vingali kabatini." Vilikuwa vya amoksisilini, vilivyosalia kijana alipougua kifua. Nilimpa mtoto siku mbili; homa ikapungua. Nikajiona mwerevu, nikaacha.

Juma lililofuata homa ilirudi kwa ukali, mtoto akatapika kila alichokula. Nikampa tena vidonge vile vile, visifae kitu. Usiku huo mke wangu hakunena neno. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali, nami nikamfuata.

Mganga alitwaa mkojo katika chupa safi, ndipo akamchoma mtoto sindano ya kwanza ya dawa nyingine. Baada ya siku mbili alituonyesha majibu ya maabara. Vijidudu viitwavyo Escherichia coli, ambavyo hukaa matumboni mwetu sote na kwa kawaida havidhuru, vilikuwa vimepanda katika njia ya mkojo. Hivyo ndivyo viletavyo ugonjwa huu kwa watoto walio wengi. Nayo amoksisilini haikuviweza hata kidogo.

"Bwana," akaniambia kwa upole, "si mtoto aliyeizoea dawa, ni vijidudu. Dawa ikitumiwa ovyo, vilivyo dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alituonya hivyo mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel. Na ugonjwa huu ukikawia kutibiwa, waweza kuacha makovu katika figo za mtoto."

Nikainamisha kichwa. Fedha niliyoogopa kuitoa mara moja, niliilipa mara nyingi.

Binti yetu amepona, naye anacheza uani ninapoandika haya. Wazazi wenzangu, mtoto mwenye homa anayelia akikojoa apelekwe kupimwa. Dawa apewe kwa kipimo na kwa siku alizoagiza mganga, na ya mmoja asipewe mwingine. Kabati letu sasa lina sahani tu.