Maua ya eda



Shemeji yetu alifariki katikati ya Novemba, na sisi wadogo tukawa tunapokezana boti kutoka Unguja kwenda kukaa na dada yetu Kariakoo. Miezi minne na siku kumi.

Dada ni mchora hina. Maharusi wengi wa mtaa ule wameolewa na maua yake mikononi. Sasa mikono yake mwenyewe ilikuwa mitupu: hina hapana, udi hapana, dhahabu imefungwa kwenye leso kabatini. Wiki za mwanzo alikaa chumbani akiangalia ukuta, na chakula tukimbembeleza kama mtoto.

Mdogo wetu wa mwisho alitoka kununua mboga, akarudi na boksi la rangi za maji, brashi mbili, na maua ya mkrismasi aliyoyaokota njiani. Asumini hakuthubutu kuleta, kwa ile harufu yake.

Tukamtolea dada kiti uani. Nyumba ni ya zamani, ya chini, lakini pande mbili zimeshapanda ghorofa, basi jua linaingia saa sita na saa nane limeshaondoka. Na jua la kaskazi si la mchezo, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika karatasini. Mmoja wetu alishika mwavuli. Dada akaishika brashi kama koni ya hina, akaikamua! Tulicheka mpaka machozi, na yeye pia.

Ua la mkrismasi tumelikanyaga miaka yote bila kuliangalia. Petali nne ni nyekundu tupu. Ya tano ina weupe na madoadoa. Dada ndiye aliyetuonesha. Ila lilimtesa, maana adhana ya adhuhuri inaingia katikati ya mwanga wenyewe, na akimaliza kusali ua limeshalegea. Anaanza upya kesho.

Maneno nayo yakaja. Jirani mmoja alisema mjane wa wiki sita anachezea maua. Dada akakunja karatasi, akarudi chumbani siku tatu. Tukamuuliza ustadhi. Alisema katazo ni la kujipamba mwilini mwake; kuchora mti au ua, kitu kisicho na roho, hakuna ubaya. Alasiri hiyohiyo hakukuwa na jua uani, na alikaa hivyo hivyo.

Februari walikuja wanaume na futi kupima kiwanja. Warithi ni wengi, nyumba inauzwa, na dada ana thumni yake. Alikimbilia ndani, karatasi ikabaki chini, wakaikanyaga. Hatukusikia akilalamika. Tangu siku ile hakutaka tena maua ya kuletewa. Alichora bogenvilia iliyopanda ukuta wa choo, na ukuta, na kamba ya nguo, na ndoo. Sisi tulidhani ile rangi ya zambarau ndiyo maua, kumbe ni majani, ua lenyewe ni kidude cheupe katikati, huwezi kukiona mpaka usogee.

Eda iliisha Machi, mvua zimeshaanza kunyesha. Tulimkogesha, tukamvisha, akatunyooshea mikono. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuchora kama yeye. Tukamchora hivyo hivyo, bogenvilia imepinda hadi kwenye kiwiko, naye akitusahihisha njia nzima.